Kilio Ndani ya Kuta Nne

Siku Bibi Idonea aliposhikwa na uchungu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua. Nilifungua makufuli yote ya nyumba ya Elmstow: la ghala, la kasha la nguo, la kasha la chumvi, la kikanisa cha uani. Nilifungua milango nikaiwekea mawe isijirudishe. Nilifungua mafundo ya mapazia na kamba za viatu vya Bibi, na mwisho nikafungua nywele zake zikamwagika mgongoni. Mwanamke anapotaka kujifungua, hakuna kitu ndani ya nyumba kinachoruhusiwa kubaki kimefungwa. Ndivyo tunavyofanya huku, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Kitu kimoja tu ndicho kilichofungwa.

"Emota," akaniita Mama Alditha, mkunga, "lete mshipi wa kina bibi."

Ulikuwa mshipi wa hariri, umechakaa hata rangi yake haijulikani tena. Ulikuwa umezungushwa kwenye tumbo la kila mwanamke wa nyumba ile. Unapofungwa, majina hutajwa, na anayeyataja ni mzazi mwenyewe. Bibi Idonea alikuwa ameuma meno kwa maumivu, lakini aliyataja yote.

"Idonea wa Amabilia. Amabilia wa Hawis. Hawis wa Gunnora. Gunnora wa Edeva."

Edeva ndiye aliyekuwa na nyumba hiyo kabla watu wa ng'ambo hawajaja kuichukua nchi. Mumewe aliuawa vitani, na mfalme mpya akamgawia askari wake mmoja mashamba, nyumba na Edeva mwenyewe ndani yake, kama mtu anavyopewa farasi pamoja na hatamu. Tangu hapo waume walikuja na kwenda, lakini nyumba ilipita kwa wanawake. Mimi sijui kusoma, lakini majina hayo nayajua kuliko sala zangu.

Niliingia nyumba ile nikiwa na miaka tisa, mama yangu mkamua maziwa alipofariki. Bibi Idonea alinifundisha kushona, nikawa nalala miguuni pa kitanda chake. Kwa kuwa sauti yangu ni ndogo na huwa sisemi mpaka nimeulizwa mara mbili, watu wa jikoni waliniita Panya. Bibi aliposikia, hakuwakataza. Yeye aliniita Panya Wangu, na tangu siku hiyo jina likaacha kuuma.

Mumewe, Bwana Hamo, hakuwepo siku ile. Alikuwa amepanda farasi tangu alfajiri kwenda kwa watawa wa ng'ambo ya kilima, ambao wana kipande cha kitambaa cha mtakatifu mmoja na huwaazima wanawake wa nyumba kubwa wakati wa kujifungua. Mimba mbili za Bibi zilikuwa zimeharibika, na mshipi wa kina bibi ulikuwepo mara zote mbili.

"Huo mshipi wenu umechoka," alimwambia Bibi huku akifunga joho lake.

"Umewazaa watu watano, Hamo."

"Basi upumzike. Nakuletea mwingine."

Bibi alicheka. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, nami nilikuwa nimeshika taa.

Wanaume wengine walikuwa chini, ukumbini. Mwanamume hapandi ngazi wakati wa uzazi, lakini kuna wanaokaa chini ya ngazi kusikiliza. Walikuwepo Osbert msimamizi wa mashamba, Serlo mhunzi, na majirani wachache, na pombe yao ya shayiri. Milango ikiwa wazi hivyo, sisi tuliwasikia wakibishana juu ya ng'ombe wa nani alikula mbegu za nani, na wao walitusikia sisi.

Mtoto alikuja mchana, jua likipenya kwenye upenyo wa pazia. Alikuwa msichana. Nyuma yake ilikuja damu nyingi, na Mama Alditha akanisukumia mtoto mikononi.

"Mshike! Mmwagie maji, mpe jina, mimi nina mama yake hapa!"

"Mimi?" nikasema.

"Kuna mtu mwingine humu? Maji, mwanangu! Upesi!"

Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Alifungua macho, akaniangalia. Alifungua mdomo, kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Nikachovya mkono kwenye bakuli, nikammwagia maji utosini, nikasema maneno ya ubatizo kama Mama Alditha alivyonifundisha, na nikampa jina la nyanya yake, Amabilia. Alinishika kidole. Kile kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, alikikamata kwa nguvu. Nilingoja alie. Nilimtikisa kidogo, nikampuliza usoni. Mdomo ulikuwa wazi, lakini hakikutoka kitu. Kisha mkono wake ukaachia.

Hapo nikalia mimi. Sikukusudia. Ilinitoka sauti nyembamba, mara tatu, ya tatu ikakatika katikati, na mdomo wangu ulikuwa juu ya kichwa chake chenye maji.

Chini ukumbini mtu akapiga meza. "Mmesikia? Mtoto huyo! Kalia!"

"Kalia, kalia!" wengine wakaitikia, vikombe vikagongana.

Mama Alditha aligeuka akanitazama. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Alifungua kinywa, lakini kabla hajasema, Bibi Idonea alisema kutoka kitandani, polepole, kama mtu anayesinzia.

"Nimemsikia." Akatabasamu. "Ana sauti kama yako, Panya Wangu. Masikini. Watamcheka jikoni."

Mama Alditha akafumba kinywa, akarudi kwenye kazi yake. Kabla ya kengele ya jioni alikuwa amekata roho, na kengele ilipolia Bwana Hamo akaingia uani, farasi wake ametokwa na povu, mkono wake kifuani pale alipokiweka kile kitambaa cha watawa ili kisilowe. Wanaume walimkimbilia wote pamoja. Mmoja aliangua kilio. Mwingine, nadhani ni Osbert, alimwambia, "Mtoto alilia, Bwana. Hilo walau ujue. Alilia, sote tulisikia."

*

Walizikwa pamoja kwenye kikanisa, mtoto mkononi mwa mama yake. Siku ya tatu ndipo nilipomwelewa Osbert. Tulikuwa jikoni, naye alikuwa anatafuna samaki wa chumvi wa Kwaresima huku akimweleza mpishi.

"Nyumba ni ya marehemu, si ya Bwana. Yeye aliingia hapa na farasi mmoja na nguo mbili, kila mtu anajua. Mke akifa bila mtoto, nyumba inakwenda kwa dada yake, Bibi Sabina. Lakini mtoto akizaliwa, na akalia, na kilio kikasikika ndani ya kuta nne, hata akifa papo hapo, basi mume anakaa na nyumba maisha yake yote. Ndiyo sheria."

"Na asipolia?" mpishi akauliza.

"Asipolia, hakuwahi kuwepo."

"Hata akipumua?"

"Nani atasema alipumua? Wanawake?" Osbert akatoa mwiba mdomoni. "Wanaume hawaingii chumbani, na mwanamke hatoi ushahidi. Kwa hiyo sheria inataka kilio, kinachopita ukutani. Si jambo la akili hilo?"

"La akili sana," mpishi akasema, "kwa mtu aliyezaliwa bila mama."

Nilitoka na ndoo nikaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo.

Mama Alditha nilimkuta akianika vitambaa. Aliponiona tu alisema, "Najua unalotaka kusema. Usiliseme."

"Lakini sheria inasema..."

"Sheria haijatuuliza, Emota. Wasipotuuliza, hatujibu. Yule mtoto aliishi. Wewe unajua, mimi najua, na Mungu anajua. Wao wanataka sauti, wamepata sauti. Acha Bwana akae. Unadhani atakwenda wapi?"

Ni kweli hakuwa na pa kwenda. Bwana Hamo alikuwa mtoto wa nne. Akiwa na miaka saba walimpeleka kulelewa kwenye nyumba ya mtu mkubwa, kama watoto wote wa mabwana, kisha nyumba nyingine, kisha nyingine. Aliwahi kumwambia Bibi, nikisikia, kwamba Elmstow ndiko mahali pa kwanza alipopigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Alitundika kofia yake hapo. Msumari ule ulikuwa chumbani, na sasa kila asubuhi alikuja kusimama mbele yake.

*

Bibi Sabina alifika wiki moja baadaye, siku moja kabla ya mtu wa mfalme aliyetumwa kusikiliza shauri la urithi. Nilikuwa ngazini nimebeba bakuli la supu ya njegere. Kutoka uani nikasikia: "Hebu mshike huyu farasi vizuri, ana wasiwasi na mawe."

Bakuli likaniponyoka. Ilikuwa sauti ya Bibi Idonea.

Sikuwahi kumwona Bibi Sabina. Aliolewa mbali kabla sijaingia nyumba ile, akapewa fungu lake la urithi kule nchi ya mabwawa. Uso wake haukufanana na wa dada yake hata kidogo. Alikuwa mweusi wa nywele, mwembamba, pua ndefu. Lakini alipofungua kinywa, mtu angefumba macho angesema marehemu amerudi. Siku ile nilimfuata kila alipokwenda. Nilijifanya nafagia. Aliomba maji, nikaenda mbio, ili aseme ahsante.

Alipanda chumbani akaomba aonyeshwe mshipi. Nilikuwa nimeufua nikaukunja. Aliuweka magotini.

"Huu nitauchukua, hata wakininyima mengine," alisema. "Nina binti kule. Orabilis, ana miaka sita. Walikuwa watatu. Homa ya mabwawa imechukua wawili, na baba yao pia. Kila jioni ukungu ukipanda kutoka majini namfunika blanketi mpaka kichwani, kana kwamba ukungu unamtafuta yeye." Alizungusha ncha ya mshipi kidoleni. "Namsimulia nyumba hii kila siku. Mti wa tufaha nyuma ya jiko bado upo?"

"Upo, Bibi."

"Na ile ngazi ya sita, inayolia?"

"Bado inalia."

"Idonea alikuwa anairuka, akaniachia mimi niikanyage, nikapigwa mimi." Alicheka, na moyo wangu ukaumia kwa kile kicheko. Kisha akauliza bila kunitazama, "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Bibi."

"Mtoto alilia?"

Niliangalia sakafu. Nilihesabu mbao zake, nikafika kumi na moja.

"Basi," alisema taratibu. "Sikulazimishi. Hata ungenijibu, neno lako halihesabiki kule chini. Langu pia halihesabiki."

*

Shauri lilisikilizwa ukumbini. Mtu wa mfalme alikuwa mnene, ana mafua, na kila akipiga chafya karani wake alisogeza wino. Wanaume kumi na wawili waliapishwa. Osbert alisema alisikia. Wa pili alisema alisikia. Wa tatu alisema alisikia, tena alisikia mtoto akiita mama, mtu wa mfalme akamwambia akae chini. Ikafika zamu ya Serlo.

"Wewe ni mhunzi," mtu wa mfalme akasema. "Masikio ya mhunzi si yameharibiwa na nyundo?"

"Yangu yameharibiwa na mke wangu, bwana mkubwa. Nyundo haina kosa."

"Utanikuta nyumbani!" mkewe akapiga kelele kutoka nyuma, ukumbi mzima ukacheka.

"Lakini kilio nilikisikia," Serlo akaendelea. "Nilikuwa chini kabisa ya ngazi, na milango ilikuwa wazi."

"Kilikuwaje?"

"Kilikuwa kilio."

"Paka hulia. Bawaba hulia. Ngazi ya nyumba hii imelia nilipoikanyaga. Nionyeshe wewe ulisikia nini."

Serlo aliona haya. Ni mtu mkubwa, mabega kama mlango wa zizi. Alivua kofia akaiweka kifuani, akafumba macho, na akatoa sauti nyembamba, mara tatu, ya tatu ikakatika katikati.

Walioanza kucheka walinyamaza.

Ilikuwa sauti yangu. Aliipata yote, hata pale ilipovunjika. Nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono, kana kwamba imenitoka tena.

Bwana Hamo alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, mikono katikati ya magoti. "Rudia, Serlo," alisema.

"Bwana, hilo si swali la shauri," karani akasema.

"Rudia."

Serlo akarudia. Bwana Hamo alisikiliza kama mtu mwenye kiu anayesikia maji yakimiminwa chumba cha pili. Ndipo nilipoona kwamba Bibi Sabina hamtazami Serlo wala Bwana. Alikuwa ananitazama mimi, na mkono wangu mdomoni.

Angesema nini, na kwa nani? Mtu wa mfalme alipiga chafya, akaandikisha kwamba mtoto alizaliwa hai na alisikika akilia ndani ya kuta nne, na kwamba Hamo atakaa na Elmstow na mashamba yake maisha yake yote.

Bibi Sabina alisimama. "Nakutakia maisha marefu, shemeji," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa niseme. Unajua vizuri hayo maisha marefu yako yananiweka wapi."

"Shemeji, njoo kututembelea wakati wowote. Mlete mtoto."

"Kutembelea!" alisema. "Nije kama mgeni kwenye nyumba niliyong'olea meno ya utoto? Umeshinda, Hamo. Usinifanyie na ukarimu juu yake."

Bwana aliinamisha kichwa. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

*

Asubuhi iliyofuata Bibi Sabina aliondoka mapema, na mtumishi wake mzee mmoja, na mshipi ndani ya mfuko wa tandiko. Mimi nilikuwa chumbani natandika kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Kupitia dirishani nilimsikia akimwambia mtumishi, "Twende, kabla mto haujajaa," kisha sauti ikapungua, ikawa kwato tu. Nilisimama na shuka mkononi. Ilikuwa ni mara ya pili ninampoteza Bibi wangu, na safari hii kulikuwa na neno ambalo ningeweza kulisema.

Ngazi ya sita ililia. Bwana Hamo aliingia akasimama mbele ya msumari wake.

"Emota. Wewe ndiye uliyemshika."

"Ndiyo, Bwana."

"Serlo ameniigizia. Jana jioni nikamwomba Osbert naye aniigizie. Osbert analia kama mbuzi." Alijaribu kucheka. "Kila mmoja ana mtoto wake tofauti. Sasa nataka nisikie kutoka kwako. Alilia vipi?"

Alijua kwamba sisemi mpaka nimeulizwa mara mbili, akangoja.

"Sikuulizi kwa ajili ya nyumba," alisema. "Hiyo imekwisha kuamuliwa. Nakuuliza kwa sababu nilikuwa njiani na kitambaa kifuani, nikijiona nimebeba uzima wao wote wawili. Nilimpiga farasi mpaka nikamwonea huruma. Na wakati ule ule yeye alikuwa hapa, ana sauti, na sikuisikia. Nikilala naitafuta. Nikiamka naitafuta. Nipe hiyo tu."

Ningeweza kusema, "Alilia vizuri, Bwana, kwa nguvu." Maneno matatu manne, naye angepata alichotaka. Sitaki kujisifu kwamba niliogopa uongo tu. Nilikuwa nasikia kwato zikienda. Nilikuwa namfikiria yule mtoto chini ya blanketi, ukungu ukipanda. Na zaidi ya hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa naifikiria ile sauti ikiwa ngazini, ikiwa jikoni, ikiniita kila siku.

"Hakulia, Bwana," nilisema.

Hakugeuka.

"Aliishi. Alifungua macho akaniangalia. Nilimbatiza akiwa hai, hilo naapa. Alinishika kidole. Lakini hakulia. Nililia mimi."

Alikaa juu ya kasha la nguo. Aliangalia mikono yake.

"Na Idonea?"

"Alisikia. Alidhani ni mtoto. Alisema ana sauti kama yangu, watamcheka jikoni."

Bwana alitoa pumzi iliyokuwa nusu kicheko. "Alisema hivyo?"

"Alitabasamu, Bwana."

"Kwa hiyo alikwenda akijua binti yake amelia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Hilo tumwachie. Hilo ni lake." Kisha akanyoosha mkono. "Kidole kipi?"

Nikampa. Alikishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anavyoshika uzi kabla ya kuutunga kwenye sindano, akakitazama mpaka nikaanza kusikia baridi.

"Nyumba hii nilipewa na mwanangu," alisema alipokiachia. "Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Kwamba alikuja kwa muda mfupi hivyo ili anipatie mahali. Kama hakunipa yeye, Emota, siwezi kuipokea kutoka kwa Serlo mhunzi." Aliinuka akachukua kofia yake msumarini. "Kimbia umwite Bibi Sabina kabla hajavuka mto. Mwambie arudi hapa, kwake. Mwambie amlete mtoto."

"Mimi, Bwana? Tuma mtu mwingine. Mimi sina sauti."

"Unayo," alisema. "Imewashinda wanaume kumi na wawili na mtu wa mfalme."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Nina farasi mmoja na nguo mbili. Nitamwomba shemeji yangu anivumilie mpaka Pasaka, nikae karibu nao pale kikanisani kidogo. Baada ya hapo sijui. Nenda, utamkosa!"

Nikaenda. Nilipita jikoni, Osbert akaniuliza kama nyumba inaungua. Nilipita nyuma ya mti wa tufaha, nikakata shamba la nafaka, viatu vikajaa tope, nikavivua nikaviacha. Nilipofika juu ya ukingo niliwaona chini, farasi wawili, wa mbele ameshaingiza miguu majini. Mto ulikuwa na kelele. Mtumishi mzee alikuwa akiongea. Joho la Bibi Sabina lilikuwa limeanza kulowa pindoni.

Nilifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Nilikumbuka ule mdomo mdogo ulio wazi, na kifua kikipanda na kushuka, na nikaogopa kwamba na mimi nitaishia hapo.

Kisha ikatoka, nyembamba, mara tatu, ya tatu ikakatika katikati.

Farasi akasimamishwa. Bibi Sabina aligeuka kwenye tandiko, akatazama kwenye nyasi za ukingo, chini, pale mtu anapotazama akimtafuta mtoto mchanga. Kisha akainua macho.

"Nani analia huko?" aliuliza, kwa sauti ya Bibi Idonea, ile ile, ya kuniuliza kama nimekula.

"Ni mimi, Bibi," nikasema. "Hata siku ile nilikuwa mimi."

Alinitazama. Maji yalikuwa yanapita kwenye miguu ya farasi wake. Nilikuwa na ujumbe mdomoni, tayari, arudi kwake, amlete mtoto. Lakini nilichelewa kidogo kuutoa, nikingoja kama ataniuliza tena.